Mwenye Hofu Asiguse

Pale Lwangu, mtu akikuambia anakwenda kunyoosha mgongo, usiharakishe kumtakia usingizi mwema. Huenda kweli anakwenda kujilaza. Lakini huenda pia anakwenda gereji kwa Desderi Luhwago, kuvaa glavu na kuingia chini ya basi lililogongwa. Mafundi wa huko hawasemi chesisi, wanasema mgongo, na hawakosei. Mabasi ya siku hizi yanajiendesha yenyewe, na migongo yao haikuchomelewa kiwandani kama ya zamani. Imeoteshwa ndani ya matangi, chuma na nyuzi za hisia vikakua pamoja, na ukiuumiza mgongo wa namna hiyo, unaumia kweli.

Asubuhi ile Gaudensia alikuwa chini ya Subira. Ndilo jina la basi lenyewe, limeandikwa mbele kwa herufi za njano. Lilikuwa limeletwa likiburutwa, mkia umeingia ndani na mgongo umepinda kama ndizi. Lilisimama ghafla barabarani, kabla kidogo ya daraja la korongoni, bila kitu chochote mbele yake, na lori la mbao lililokuwa nyuma likalivaa. Abiria walitoka salama. Kondakta alivunjika mguu.

Gaudensia, ambaye mji mzima ulimwita Mama Twilumba kwa jina la bintiye, alibana banio kwenye chuma, akaingiza mikono kwenye glavu. Zilikuwa glavu za ngozi nene zenye waya mwembamba unaokwenda kwenye banio. Ukishazivaa, mikono yako inakuwa kama imezama ndani ya mgongo. Unasikia panapobana na panapovuta, unajua pa kufunga cheni na pa kuweka jeki. Lakini njia ya kwenda ndiyo ya kurudia. Mgongo unampa fundi ulicho nacho, na wenyewe unapokea alicho nacho fundi. Fundi akiwa na hasira, basi linatoka gereji na hasira. Ndiyo maana ukutani, juu ya mapipa ya mafuta machafu, paliandikwa kwa rangi nyekundu: MWENYE HOFU ASIGUSE.

Na ndiyo maana kila fundi pale alipangwa kazi na mtani wake. Desderi ndiye aliyelibuni hilo, na katika mambo yake yote hilo lilikuwa la akili. Mtu anayetaniwa hapati nafasi ya kuogopa. Gaudensia, Mhehe, alipewa Kanisius Ngonyani, Mngoni mwenye goti bovu na mdomo usiojua Jumapili.

"Mtani, mbona kimya?" Kanisius aliuliza kutoka kwenye jeki. "Au umesikia mbwa anabweka nje, mate yakakutoka?"

"Ningekuwa na njaa ningekula Mngoni. Tatizo nyama yenu ngumu. Imetembea kwa miguu toka kusini."

"Imetembea ikipigana! Nyie mkakimbilia milimani."

"Tulipanda kuwaangalia vizuri mlivyopotea. Haya, vuta."

Kanisius alivuta, cheni ikakaza, chuma kikalia. Gaudensia alikitambua mara moja kipigo cha lori: kizito, cha nyuma, kimeingia kushoto. Hicho hakikumsumbua, vipigo vya nyuma alivizoea. Lakini mkono wake ulipotelezea mbele, kwenye ekseli ya magurudumu ya mbele ambako hapakuwa na hata mkwaruzo, alikuta kitu kingine. Hakikuwa maumivu. Ilikuwa hofu, tena iliyolala chini ya kipigo kama shuka lililotandikwa kwanza. Subira liliogopa, likasimama, ndipo likagongwa. Na hofu yenyewe ilikuwa ile ya mtu anayeshuka ngazi gizani, anapeleka mguu kwenye ngazi ya chini, hakuna ngazi.

Alivua glavu haraka. Akaificha mikono kwapani.

"Pumzi kidogo," alisema. "Vumbi."

Hakuwa na shida ya vumbi. Aliogopa, na kilichomtisha zaidi ni kwamba hofu ile aliifahamu. Ilikuwa yake. Miaka mitatu iliyopita, kwenye kona ileile ya juu ya daraja, lori lililokosa breki lilimuua mumewe, Fulko, mdogo wake Desderi, naye Gaudensia amekaa kiti cha pembeni yake. Toka siku hiyo hakushuka tena mteremko wa Lwangu. Twilumba alipopata shule huko chini, mama yake alimsindikiza mpaka geti la gereji, akamwacha hapo. Kazini alivaa glavu, akajikaza, akacheka na Kanisius, akajiambia kwamba hofu anaiacha nyumbani pamoja na kanga.

Halafu mabasi ya Desderi yakaanza kusita. Moja baada ya jingine, yalifika juu ya daraja yakapunguza mwendo, yakatetemeka, abiria wakalalamika. Bosi aliita kudeka. Yaliletwa gereji mazima, hayana hata pa kunyoosha, na dawa ya basi linalodeka ni kupashwa: linaingizwa kwenye tanuri, mgongo unawekwa moto mpaka unageuka bluu, unajirudi wenyewe kama siku ulipotoka kwenye tangi, na kila ulichojifunza kinafutika. Gaudensia aliyapasha saba. Hakuvaa glavu hata mara moja kuyauliza kulikoni. Moyoni alijua wapi yametoa uoga: mikononi mwake. Aliona haya, akayapasha upesi, kama mtu anayefuta alama za matope yake mwenyewe sakafuni kwa watu.

Yalirudi barabarani yametulia, na mpaka leo yalikuwa yanapita darajani kila siku.

*

Desderi alifika saa nane na nusu mchana na shati lake la mikono mirefu, simu mbili mkononi.

"Shikamoo shemeji," Gaudensia alisema.

"Marahaba. Mbona bado liko kwenye cheni? Nilisema lipashwe."

"Nalivuta baridi kwanza, bila moto."

"Kuvuta baridi ni wiki nzima. Mimi nalitaka barabarani. Shule zinafunguliwa, stendi imejaa wanafunzi na matranka yao. Hata mwanao leo nimempa siti ya mbele kwenye Tuvumiliane, la saa tisa."

Gaudensia alijua. Yeye ndiye aliyemfungia tranka asubuhi, akampa na mahindi ya kukaanga kwenye mfuko. Lakini kusikia jina la basi kulimshtua. Tuvumiliane lilikuwa la tatu kati ya yale saba.

"Shemeji, naomba unisikilize. Hili basi halikudeka. Mgongo wa mbele una hofu iliyotangulia ajali. Limesikia kitu kwenye magurudumu. Limesikia ardhi inaondoka."

"Ardhi ya wapi?"

"Darajani."

Desderi alitazama pembeni. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alimzika mdogo wake, akamlea mjane wa mdogo wake kwa kumpa kazi na si kwa kumpa maneno, na watu wengi hawawezi hata hayo. Lakini kuhusu mteremko ule alikuwa na ukaidi, kama mtu aliyeapa kwamba mlima hautamchukulia na kazi vilevile.

"Wakaguzi walipita mwezi uliopita," alisema. "Wakasema daraja zima."

"Wakaguzi walipita juu. Basi linapita kwa uzito wake."

"Shemeji," sauti yake ilishuka, ikawa ya ukoo na si ya bosi. "Nikuulize, usikasirike. Hiyo hofu uliyoikuta, ni ya basi au ni yako?"

Gaudensia alijifanya anakagua cheni. Angejibu nini? Swali hilohilo alikuwa akijiuliza tangu asubuhi.

"Unaona," Desderi alisema kwa upole ulioumiza kuliko karipio. "Maandishi ya ukutani niliyaandika mimi. Nikakuacha uguse kwa sababu ya marehemu. Huenda nilikosea. Lipashe. Ukimaliza, nenda nyumbani ukanyooshe mgongo wako."

Aliondoka kuelekea stendi. Gaudensia alibaki ameshika glavu, na hofu sasa ilikuwa mbili. Ya kwanza ilimwambia mwanao anapanda basi lisilojua kuogopa, kwenda kwenye daraja linalokufa. Ya pili ilimwambia hakuna daraja linalokufa, ni wewe umeugua, umeambukiza mabasi ya watu, umevunja mguu wa kondakta, na sasa unataka kusimamisha kazi ya ukoo mzima. Akipasha na hofu ikawa kweli, ameua. Akikataa na hofu ikawa yake, hatagusa chuma tena maisha yake yote, na itakuwa haki.

"Mtani," aliita. "Umewahi kuogopa huo mteremko?"

Kanisius alichechemea akaja, anafuta mikono kwa tambara. "Mimi? Mngoni? Nimelala usingizi kwenye huo mteremko, nimekula mayai, nimemtongoza mama watoto. Naogopa mapishi yenu tu."

"Basi vaa hizi. Nenda ekseli ya mbele. Usiniambie kitu mpaka umalize."

Alizivaa huku anacheka. "Tazama Mhehe anavyotaka kunipa kazi yake. Kesho atanipa na deni lake la bucha. Unajua bucha gani nasema, ile ambayo nyama yake ilikuwa inaitwa Simba, inalinda nyumba..."

Alikaa chini, akabana banio. Aliendelea kusema habari ya Simba na mkia wake, mkono ukitelezea mbele taratibu. Halafu akafika katikati ya neno, akaacha.

Gaudensia alisubiri neno limaliziwe. Kuku alipita uani. Huko barabarani pikipiki ilipiga honi, ikaenda zake. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, kazini na misibani, hata siku ya Fulko ambapo Kanisius alilivamia jeneza akidai marehemu ana deni lake la viatu, mpaka wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka, hakuwahi kumsikia mtu huyu amenyamaza.

"Mtani?"

Kanisius alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka chini polepole. Alipouinua uso, Gaudensia alitamani asingeuona.

"Hiyo si yako," alisema. "Mama Twilumba, hiyo haikutoka kwako. Linaondoka chini. Nguzo ya upande wetu, inazama."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro.

*

Walimpigia Desderi, hakupokea. Walipiga simu yake ya pili, ikawa inatumika. Mabasi yenyewe hayasikii mtu mwingine ila simu ya mwenye mali. Hapo ndipo Gaudensia alipolitazama Subira, lililonyooka nusu na kupinda nusu, na wazo likamjia, na wazo lenyewe likamtisha kuliko vyote.

"Toa cheni," alisema. "Tunalipeleka."

"Wapi?"

"Mpaka litakapokataa."

Alipanda mbele, akawasha usukani wa dharura. Kanisius alipanda nyuma yake na glavu shingoni. Subira lilitoka getini likienda upandeupande kama kaa, maana mgongo uliopinda hauendi unakoelekea. Gaudensia alilielekeza bondeni. Barabara ilipoanza kushuka, alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko. Alisema Salamu Maria kwa sauti, akachanganya maneno, akaanza upya, akachanganya tena.

"Ongea, mtani," alimwambia Kanisius. "Sema chochote."

"Sina," Kanisius alisema. "Niwie radhi. Sina hata kimoja."

Kwenye kona ile, ileile, alipokuwa hataki kutazama akatazama, kulikuwa na jiwe jeupe walilomwekea Fulko. Chini yake, umbali ambao mtoto angerusha jiwe likafika, daraja lilikuwa limetulia juani, refu, zuri tu, saruji yake nyeupe. Ukilitazama ungeapa kwamba wanaolisingizia wana wazimu. Subira halikuapa. Lilitetemeka kutoka nyuma mpaka mbele, vioo vikagongana, likajipinda lenyewe likakaa kukingama barabara yote, tairi za mbele kwenye mtaro wa huku, mkia kwenye ukingo wa kule. Likazima. Gaudensia alijaribu usukani, haukwenda kushoto wala kulia.

"Pole," aliliambia, akapapasa dashibodi. "Pole sana. Kaa hapohapo."

Tuvumiliane lilitokea juu ya kona likiwa limejaa, matranka yamefungwa juu, muziki unalia. Lilimwona mwenzake, likasimama taratibu, kwa adabu, bila hofu hata chembe. Abiria wakaanza kuchungulia na kuguna. Nyuma yake ilikuja gari ndogo ya Desderi, naye akashuka kabla haijasimama vizuri.

"Gaudensia!" Hakusema shemeji. "Umefanya nini? Toa hilo dude barabarani!"

"Halitoki. Na likitoka, hilo jingine lisipite."

"Una wazimu! Mbele za watu! Nilikuambia nini?" Aligeukia vijana wa stendi aliokuja nao. "Leteni cheni. Livuteni pembeni."

Twilumba alikuwa kwenye dirisha la mbele, sare mpya, ameshika mfuko wa mahindi. Alimtazama mama yake aliyesimama kwenye kona ambayo hakuikanyaga tena toka Fulko afe, akaelewa kwamba kuna jambo, maana alianza kulia bila sauti. Vijana walifunga cheni. Gaudensia alisema daraja linazama, akasema nguzo, akasema ekseli, na kila alivyosema sauti yake ilizidi kuwa nyembamba, na abiria walitazamana kwa huruma. Walimjua. Ndiye yule mjane wa kona.

Ndipo Kanisius alipochechemea mpaka mbele ya Desderi, akaweka mkono juu ya boneti ya Subira.

"Luhwago," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka siti ya nyuma. "Hili basi nimelichukua."

"Toka hapo, Ngonyani."

"Nimelichukua! Mimi ni nani kwako? Sema mbele ya hadhara."

Desderi alikaza meno. Watu tayari walikuwa wameanza kushuka, na penye Wahehe na Wangoni kila mtu anaijua sheria hiyo. Mtani akichukua chako, umechukuliwa. Anaweza kuingia kwako akabeba jogoo, akavaa koti lako akaenda nalo kanisani. Hukasiriki. Unacheka, unauliza fidia, unakomboa. Anayemkasirikia mtani wake amejiaibisha, na aibu hiyo watoto wake watasimuliwa.

"Mtani," Desderi alisema kwa shida.

"Enhee! Wamesikia. Basi ni langu, na wasilifunge cheni, lina bosi mpya."

Mama mmoja wa Kingoni alipiga vigelegele kutoka mlangoni mwa Tuvumiliane. Watu wakacheka. Vijana wakaachia cheni wenyewe.

"Haya," Desderi alisema, akatabasamu kwa lazima. "Nilikomboe kwa nini? Mbuzi? Sema upesi."

Kanisius hakutabasamu. Alizivua glavu shingoni akamnyooshea. "Vaa hizi. Ekseli ya mbele. Ukitoka hapo, basi lako, barabara yako, na mimi nitalivuta kwa meno."

"Vaa! Vaa!" watu walipiga makofi. Walidhani ni mchezo, na mchezo unanoga.

Desderi alizitazama glavu. Gaudensia alimwona akirudi nyuma hatua moja, akafahamu jambo ambalo miaka mitatu hakulifahamu: shemeji yake hakuwahi kuvaa glavu toka Fulko afe. Hakuwahi hata kuzisogelea. Yale maandishi ya ukutani hakumwandikia mtu mwingine.

Alizivaa. Alipiga magoti na suruali yake safi, akabana banio, akaingiza mkono chini. Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakapungua, kisha yakaisha, kwa sababu mtu aliyepiga magoti pale alikuwa ameacha kucheza. Mabega yake yalipanda, yakabaki juu. Alipochomoka na kuzitundika glavu shingoni, uso ulikuwa na rangi ya majivu. Alitembea moja kwa moja mpaka Tuvumiliane, akapanda ngazi ya nyuma, akaanza kufungua kamba za mizigo kwa mikono yake mwenyewe, na la kwanza kulishusha lilikuwa tranka la Twilumba.

"Shukeni," alisema. "Wote. Taratibu. Rudini juu kwa miguu."

Kisha alimgeukia Gaudensia. "Shemeji. Yale uliyoyapasha. Yalikuwa saba?"

"Saba."

"Sita yako huku juu." Alitoa simu, akaitazama, akaiinua juu ya kichwa, akaishusha. Korongoni hakuna mtandao, hata mtoto wa pale anajua. "La saba, Umoja, lilitoka chini saa nane."

Wote waligeuka. Ng'ambo ya daraja, kwenye mpando wa upande wa pili, basi jekundu lilikuwa linapanda bila haraka. Vichwa vya abiria vilionekana madirishani. Watu walipunga mikono, wakapiga kelele, wakavua mashati kuyapeperusha, na abiria wale wakapunga pia. Walidhani wanasalimiwa.

Mabasi haya humwona mtu yakapunguza, lakini yakipata nafasi pembeni yake hupita. Gaudensia alilijua hilo kuliko wote pale. Alijua pia kinachoweza kulizuia. Alizinyakua glavu shingoni mwa Desderi, akakimbia.

Baadaye watu walisema hakuogopa. Uongo. Aliogopa kila hatua ya saruji ile nyeupe, akasikia chini yake, kupitia nyayo za ndala, mtikisiko mdogo kama wa mtu anayejizuia kukohoa. Alisikia Twilumba anamwita. Hakugeuka, kwa sababu angegeuka angerudi. Alifika ng'ambo pumzi zimekata, Umoja liko pale, magurudumu ya mbele karibu kukanyaga daraja. Lilimwona, likapunguza, likaanza kumzunguka kwa upole.

Alijitupa mbele yake. Likasimama kidogo tu. Alibana banio kwenye ndoano ya kuvutia, iliyo sehemu ya mgongo wenyewe, akachomeka mikono kwenye glavu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi hakujikaza. Hakutafuta utani wa kuufikiria. Alilimwagia basi lile kila kitu: kona, lori, mkono wa Fulko uliokuwa umeshika wake kisha ukaacha kushika, geti la gereji, madirisha aliyoyapungia akiwa hawezi kushuka, mtoto wake kwenye siti ya mbele. Alilimwagia na ngazi ile isiyokuwepo. Hofu ya miaka mitatu iliteremka mikononi mwake ikaingia kwenye chuma kilichokuwa hakijui kitu.

Umoja lilitetemeka. Lililia kutoka chini kama mnyama, abiria wakapiga mayowe, na likarudi nyuma, likavuta waya ukakatika, likaendelea kurudi nyuma mpaka kwenye kona, likagota hapo.

Gaudensia alikaa chini kwenye lami. Nyuma yake kokoto zilianza kudondoka korongoni, moja moja, kisha nyingi, na zilichukua muda kufika majini. Ufa ulikuwa umefunguka katikati ya saruji, mwembamba, mweusi, wa kutoka ukingo mpaka ukingo. Upande wa pili Twilumba alikuwa ameanza kukimbia kuja kwake.

"Mshikeni!" alipiga kelele.

Kanisius alikuwa ameshamshika, goti bovu na yote. Alimkabidhi kwa Desderi, akachechemea mpaka mwanzo wa daraja, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, akajaza kifua.

"Mama Twilumba!" sauti yake ilivuka korongo, inatetemeka, lakini ilikuwa yake ileile. "Kaa hukohuko! Hili daraja nimelichukua! Ni la Wangoni toka leo! Mhehe yeyote asilikanyage!"

Gaudensia alicheka. Alikaa kwenye lami ya mteremko wa Lwangu, glavu bado mikononi, akacheka mpaka akalia.